Masta ya biomedisini ughaibuni ni daraja la kuvukia kwenda PhD tu, kazi hamna. Nipingeni kwa hoja

#1 Sentrifuji
Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo muda, leo nalitoa.

Kila ninayemfahamu aliyekwenda kusoma masta ya biomedisini, sayansi ya mwili na magonjwa katika ngazi ya seli na jeni, huko nje, akimaliza ni moja kati ya mawili: anaingia PhD, au anahamia kwenye shughuli isiyohusiana na maabara. Mmoja anauza mashine za hospitali, mwingine anahariri makala za wanasayansi, mwingine anachambua data za benki. Aliyetoka na masta yake akapokelewa kampuni ya dawa kama mtafiti na akalipwa kama mtafiti, sijamwona.

Hoja yangu: masta hii imetengenezwa kukupeleka PhD, vyuo vinajua, ila kwenye tovuti vinaandika habari za viwanda vya dawa na mashirika ya afya ili ada iingie. Mwenye mfano wa kunipinga aulete, na aseme miezi ya tasnifu aliitumia kufanya nini. Siulizi kwa kujifurahisha, barua ya kukubaliwa ninayo mkononi na wanataka jibu.

#2 Mpita Njia
Nimeshavuta kiti. Wajuzi waje.

#3 Mzee wa Pipeti
Sentrifuji, nusu ya maneno yako ni kweli, ila lawama umeiweka pasipo pake.

Tangu mchakato wa Bologna ulioanza 1999, nchi nyingi za Ulaya zinakwenda kwa ngazi tatu: shahada ya kwanza, masta, PhD. Ngazi ya kati ipo ili uvuke. Uswidi, kanuni ya kuingia PhD inataka uwe na shahada ya ngazi ya masta, au krediti (kipimo cha wingi wa masomo) 240 ambazo 60 kati yake ni za ngazi hiyo. Kwa hiyo ukienda chuo cha Karolinska, hukohuko Uswidi, kusoma ile masta ya biomedisini ya krediti 120, usishangae darasa zima linaongelea PhD kabla hata ya mtihani wa kwanza. Na PhD kule ni ajira: mshahara unalipwa, ada hakuna, miaka minne ya kazi ya muda wote. Mtu akishauona mlango huo, ahangaike na kampuni ya nini?

Marekani ni habari nyingine kabisa. Kule mwenye shahada ya kwanza anaomba PhD moja kwa moja, ada analipiwa na posho anapewa. Masta ya biomedisini mara nyingi unajilipia, na wengi wanaisoma kunyanyua alama zao kabla ya kuomba chuo cha udaktari. Sasa ukisema "masta ya nje" umeweka kwenye kapu moja vitu visivyofanana. Yako ni ya nchi gani?

#4 Bint Maabara
Mfano unaoutafuta ni mimi. Masta ninayo, PhD sina wala siitamani. Niko kampuni inayotengeneza kingamwili za tiba, idara ya upimaji. Nilisoma Ujerumani, masta ya miaka miwili.

Kwenye usaili jina la chuo hawakulitaja. Mama mmoja alinigeuzia kompyuta, kwenye skrini kuna mchoro wa flo saitometri, mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga, lile wingu la vidoti. Akaniuliza seli hai ziko wapi na mpaka ningeuchora wapi. Nikamjibu siwezi kuchora mpaka bila kuona sampuli ya kontroli, yaani ya kulinganishia, isiyopakwa rangi. Akatabasamu, akafungua faili la pili. Kontroli ilikuwemo muda wote. Nadhani kazi niliipatia hapo, mengine yalikuwa ya kumaliza saa.

Hilo sikulijulia darasani. Nililijulia kwa kukaa kwenye mashine jioni, wenye mashine wameshaondoka, nikirudia jaribio lililoharibika. Kwa hiyo Sentrifuji, swali si masta ina kazi au haina. Swali ni ulishika nini kwa mikono yako na mara ngapi.

#5 Nyundo ya Hoja
Dada kashamaliza, moderata funga uzi 😂

Ila ngoja niharibu sherehe. Wewe ulipata miaka miwili. Mimi nilisoma Uingereza, mwaka mmoja. Krediti 180 kwa hesabu ya Uingereza, ambayo si ile ya Ulaya bara, tasnifu 60, nayo inaanza kwa dhati mitihani ikishapita. Unapojua glavu za saizi yako zinakaa kabati lipi, unaambiwa rudisha kitambulisho cha mlangoni.

Mradi wangu ulikuwa wa seli za saratani ya matiti. Inkubeta, kabati la kukuzia seli, ilikuwa ya maabara nzima, na mikoplazma, bakteria mdogo sana, ikaingia. Hiki kidudu hukioni kwa darubini ya kawaida, na penisilini haikifanyi kitu kwa sababu hakina ukuta wa seli. Seli zinakua kwa kusuasua tu, unabadilisha midia, unabadilisha seramu, msimamizi anakuangalia kama vile mikono yako ndiyo mibovu. Walipokuja kupima kwa PCR, kipimo cha kutafuta DNA, karibu kila chupa ilikuwa nacho. Seli zote zikatupwa, inkubeta ikafungwa, tarehe ya kukusanya tasnifu haikusogea hata siku moja. Nikaishia kuandika tasnifu ya kuchambua makala za watu. Haya, nikakae mbele ya yule mama wa Bint Maabara, nimwambie nini kuhusu vidoti?

#6 Kipimajoto
Nyundo, pole. Ila lawama zako ni za aina ya kozi, si za nchi. Uingereza hiyohiyo kuna masta ya utafiti, ile wanayoandika MRes, ambayo sehemu kubwa ya mwaka uko maabara. Watu wanaikwepa kwa kuwa orodha ya masomo yake ni fupi, wanadhani wanapunjwa. Halafu ukimaliza una miaka 2 ya kubaki na kutafuta kazi, muda huo si haba.

#7 Mama Darubini
Kipimajoto, ongeza na tarehe, watu wasije wakapanga maisha kwa taarifa ya zamani. Viza hiyo ya kubaki baada ya masomo ilianza Julai 2021, ni miaka 2 kwa mwenye masta. Lakini serikali yao imeshatangaza kwamba atakayeiomba kuanzia Januari 2027 atapata miezi 18. Wa PhD wanabaki na miaka 3. Anayeanza masomo sasa apige hesabu kwa miezi 18.

Na wenye familia: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kufundishwa haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto kama wategemezi wake. Masta ya utafiti ndiyo iliyosamehewa. Nimeona watu wanalijua hili wakiwa wameshalipa sehemu ya ada.

#8 Daktari Mtarajiwa
Samahanini wakuu, swali la mgeni. Nikimaliza masta ya biomedisini naweza kuajiriwa hospitali nikatibu wagonjwa? Ndugu zangu wameshaanza kuniita dokta.

#9 Nyundo ya Hoja
Waache waite, hilo ndilo faida pekee niliyoipata mimi pia 😂😂

#10 Mama Darubini
Nyundo, mwache mtoto wa watu. Mwanangu, hapana. Hutatibu, hutaandika dawa. Unasoma namna mwili na ugonjwa vinavyofanya kazi katika ngazi ya seli, jeni na protini. Hata kupima sampuli za wagonjwa kwenye maabara ya hospitali ni suala la leseni. Uingereza cheo cha mwanasayansi wa biomedisini kinalindwa kisheria: lazima usajiliwe na HCPC, baraza la kusajili wataalamu wa afya, na njia ya kawaida ni shahada iliyoidhinishwa na IBMS, taasisi ya wanasayansi wa biomedisini, pamoja na mafunzo ndani ya maabara ya hospitali. Masta ya utafiti, hata iwe na alama za kung'aa, haikupi usajili huo peke yake.

Na hapa ndipo ninapomjibu Sentrifuji kwa njia nyingine. Wengi wanaolia hawana kazi walilenga maabara za hospitali, wakagonga ukuta wa leseni, wakadhani masta haina thamani. Nchi nyingi zina ukuta wa namna hiyo. Uliza mamlaka ya usajili ya nchi unayotaka kufanyia kazi kabla ya kulipa ada, si baada.

#11 Daktari Mtarajiwa
Asante mama. Basi nabadilisha jina humu.

#12 Seli Shina
Nyote mnazunguka mbuyu. Sababu ni moja: pipeti, yaani kazi ya mikono ya maabara, imeshushwa thamani. Maabara ya leo inasoma jeni za maelfu ya seli, moja moja, kwa jaribio moja, halafu hakuna wa kuzichambua. Anayejua R na Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, na anaelewa seli ni nini, hakai bila kazi. Masta nyingi za biomedisini zinakupa wiki chache za takwimu na kukuaga. Huyo wa #1 anayechambua data za benki amehamia huko kwa sababu bayoinfomatiki, yaani kuchambua data za jeni kwa kompyuta, ilimfunza kazi hiyo. Hajapotea, kafuata hela.

#13 Mzee wa Pipeti
Seli Shina, hizo jeni za maelfu ya seli unadhani zinaingia kwenye kompyuta zenyewe? Kuna mtu alisaga tishu, akazitenganisha seli bila kuziua, akakimbia na barafu. Akivuruga pale, Python yako inachambua uchafu kwa ustadi mkubwa.

#14 Seli Shina
Sikatai mzee, lakini huyo mkimbiza barafu analipwa ngapi? 😅

#15 Bint Maabara
Mnagombana bure, kampuni yangu inataka vyote kwa mtu mmoja na mshahara wa mtu mmoja.

#16 Kipimajoto
Kuna jambo hakuna aliyeligusa: ufadhili. Wengi wa hao anaowafahamu Sentrifuji walisoma kwa hela za nani? Aliyesoma kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ameahidi kurudi nchini kwake kwa angalau miaka 2, sasa utamwonaje kwenye kampuni ya dawa Uingereza? Kozi zile za DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, za mpango wa EPOS zinataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 tangu mwanzo, maana wanategemea urudi ulikotoka ukaendeleze. Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya, ndiyo inayokuacha huru zaidi, yuro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, na unasomea nchi zisizopungua mbili. Mtu anahukumu masta wakati kilichomrudisha mwenzake ni mkataba.

Pia lugha. Ujerumani wanakupa miezi 18 ya kutafuta kazi ukishahitimu, Uswidi hadi miezi 12. Kozi umesoma kwa Kiingereza, maabara wanaongea Kiingereza, ukifika kwenye kiwanda miongozo ya uzalishaji na ya usalama iko kwa lugha ya nchi. Anayeanza kujifunza lugha siku ya mahafali amechelewa.

#17 Sentrifuji
Nawasoma wote. Kujibu Mzee wa Pipeti: ni Ulaya bara, miaka miwili, krediti 120. Ufadhili ni msamaha wa ada tu, kuishi najitegemea. Tasnifu unachagua mwenyewe, krediti 30 au 60. Bint Maabara amenitikisa, lakini mama wa vidoti ni mmoja. Na Kipimajoto, wawili kati ya ninaowasema walijilipia, hawakuwa na mkataba na mtu.

#18 Bint Maabara
Chukua 60, usiulize mara mbili. Krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi. Krediti 30 ni saa 750 hadi 900, nusu mwaka. Ondoa mafunzo ya usalama, kusubiri vitendanishi, kuandika tasnifu yenyewe. Westani bloti moja, kipimo cha kutafuta protini, ukihesabu kuandaa sampuli, kuziendesha kwenye jeli, kuhamisha kwenye utando, kulaza kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye nyuzi 4, ni siku mbili kama kila kitu kimekwenda vizuri. Na utaisoma ile picha iliyojaa madoa meusi kama ukuta wa jikoni, uanze upya.

#19 Mzee wa Pipeti
Mimi ningesema 30, nusu mwaka mwingine aombe mafunzo ya vitendo kwenye kampuni, kama kozi inaruhusu. Krediti 60, yaani saa hadi 1,800, kwenye maabara moja ya chuo zinakufanya mtu wa maabara hiyo. Mkuu wake atakuomba ubaki PhD, nawe utakubali kwa kuwa humjui mwingine. Hapo Sentrifuji atakuwa amejithibitishia hoja yake mwenyewe.

#20 Bint Maabara
Mzee, mafunzo ya kampuni kwa mtu asiyejua kitu ni kupanga maboksi. Bado nasema 60.

#21 Ndoto za Kusini
Jamani mbona wote Ulaya ghali? Nendeni Ujerumani, chuo cha umma ni bure.

#22 Mama Darubini
Karibu bure, si kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Heidelberg, Freiburg na Tübingen zote ziko humo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza 2024. Kwingineko unalipa mchango wa muhula tu. Lakini viza inataka uoneshe hela ya kujikimu, na wengi wanafanya hivyo kwa akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, unachomoa 992 kila mwezi. Ni hela yako, hawaili, ila lazima uwe nayo kabla ya kupanda ndege. Hapo ndipo "bure" inapoishia kwa wengi. Sentrifuji, unajitegemea kuishi, hesabu hii umeifanya?

#23 Sentrifuji
Nimeifanya mama. Inauma, ila ipo.

#24 Mpita Njia
Kiti kimeniuma, nami niulize. Mimi naogopa panya. Siongei kwa utani. Je, unaweza kumaliza masta hii bila kugusa mnyama?

#25 Mzee wa Pipeti
Unaweza, wengi wanamaliza na seli za kwenye chupa peke yake. Na hata ukitaka panya, Umoja wa Ulaya hawakuachii tu: kwa agizo la 2010/63 lazima upate mafunzo kwanza na mradi uwe na kibali. Utafundishwa zile kanuni tatu za Russell na Burch za 1959: tumia njia mbadala ukiweza, punguza idadi, punguza mateso. Mwambie msimamizi mapema. Wapo wanaokaa kimya hadi siku ya kwanza kwenye chumba cha wanyama, wanazimia.

#26 Nyundo ya Hoja
Mpita Njia anaogopa panya, mimi naogopa seli za HeLa. Zilichukuliwa kwenye saratani ya shingo ya kizazi ya mgonjwa wa Marekani, Henrietta Lacks, 1951, bila ridhaa yake, na mpaka leo zinaingia kwenye chupa za watu bila hodi. Mwaka 1966 mtaalamu wa jeni Gartler alionesha kwamba seli nyingi watu walizodhani ni za aina mbalimbali zilikuwa HeLa. Unaweza kufanya tasnifu nzima ya seli za figo kumbe umekaa na saratani ya shingo ya kizazi. Swali la kumuuliza mkuu wa maabara kabla hujakubali: seli zenu mnapima utambulisho na mikoplazma mara ngapi kwa mwaka? Akibabaika, kimbia.

#27 Bint Maabara
Kwa mara ya kwanza humu ndani Nyundo kasema jambo 😂 Ongeza hili: muulize wanafunzi wa masta waliopita pale wako wapi sasa. Halafu waandikie hao wenyewe, usiridhike na jibu lake.

#28 Sentrifuji
Nimeandikia maabara mbili leo, na maswali yote mawili nimeyaweka. Moja imejibu tayari: mikoplazma wanapima kila mwezi. La wanafunzi waliopita, kanipa majina matatu. Wote wako PhD, na wawili wako kwenye maabara ileile.

#29 Mzee wa Pipeti
Nilisema nini?

#30 Seli Shina
Muulize na maabara ina mtu wa takwimu au kila mtu na Google yake.

#31 Bint Maabara
Majina matatu si ushahidi. Waliobaki ndio ambao mkuu wa maabara bado ana namba zao. Walioondoka kwenda kampuni hawezi kukutajia kwa sababu hajui walipo. Mimi msimamizi wangu hajui nilipo.

#32 Ndoto za Kusini
Kama Ujerumani si bure sana, basi Norwei. Kule bure kabisa kwa kila mtu.

#33 Mama Darubini
Ilikuwa. Denmark walianza kuwatoza wasio wa Ulaya 2006, Uswidi 2011, Ufini 2017, Norwei wakafuata 2023.

#34 Ndoto za Kusini
Duh. Islandi?

#35 Nyundo ya Hoja
Mama Darubini, tafadhali usimjibu, atatufikisha Antaktika 😂